Kazi Nyepesi

Kilo ya miraa haipimwi kwa mizani. Kwetu Laare, vijiti vikifungwa pamoja huitwa surba, na surba kumi ndiyo kilo. Mtu wa Eastleigh anayenunua jaba lake jioni anajua hesabu hiyo. Mtoto wa darasa la sita aliye juu ya mti saa kumi na mbili asubuhi anaijua zaidi, kwa sababu ndiyo inayoamua atarudi nyumbani na nini mfukoni.

Mimi nilikuwa mtoto huyo. Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 12, na likizo ya Agosti nzima nilichuma kwa jirani yetu mmoja. Tulimwita baba, kama tulivyomwita kila mwanamume wa rika la baba zetu. Watu wazima walilipwa shilingi 20 kwa kilo. Sisi watoto, mbao ya mkubwa ilikatwa katikati: shilingi 10. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Miraa yetu ilichanganywa na yao, ikaviringishwa kwenye majani ya ndizi yale yale, ikapakiwa kwenye pikapu ile ile iliyotoka mbio kuelekea Nairobi. Sidhani kuna mteja aliyewahi kutafuna akasema, hii imechumwa na mtoto, nipunguzie bei.

Likizo ilipoisha nilikuwa nimechuma kilo 64. Nilikuwa nimeziandika kwa penseli nyuma ya daftari la Hesabu, siku kwa siku. Shilingi 640. Nilishazipangia: viatu vya shule, na zitakazobaki nimpe mama. Mzee alimpa baba yangu shilingi 300, akasema nyingine atamalizia soko likikaa vizuri. Nilipouliza mwezi uliofuata, mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Wewe, mtoto hamdai mzee." Nikanyamaza. Daftari lenyewe lilikuja kuwashia moto.

Sikuandika haya kwa sababu ya shilingi 340. Nimeyaandika kwa sababu Aprili mwaka jana mambo yaligeuka, nikajikuta mimi ndiye mzee.

Baba alikuwa ameshafariki, na miti yake ikawa yetu. Mimi naishi Nairobi, lakini nilikuwa nimeenda nyumbani kwa wiki mbili kusaidia kupanga mambo. Asubuhi moja kijana akasimama langoni, amevaa sweta ya shule iliyopasuka kiwiko. Alikuwa na miaka 14.

"Anko, kuna kazi?"

Nikamuuliza anajua kuchuma. Akacheka, kama nimemuuliza kama anajua kutembea. Kisha akasema lile neno ambalo hata sisi tulikuwa tukilisema langoni kwa watu: "Mimi ni mwepesi. Matawi hayavunjiki."

Ukweli ni kwamba ana haki ya kujisifu hivyo. Machipukizi mazuri yako juu, kwenye ncha, na tawi la mti wa miaka mingi linaweza kuwa mali kuliko ng'ombe. Mtu mzima akilikanyaga vibaya, mwenye shamba amepoteza mavuno ya miaka. Mtoto hupita pale kama paka. Kwa hiyo wepesi wa mtoto ni ujuzi ambao mwenye shamba anauhitaji, na ajabu ni kwamba ndio huo huo unaotumika kumlipa nusu.

Nilimwambia kijana arudi kesho. Usiku huo nilikaa na simu yangu nikisoma sheria. Mimi si wakili. Chuoni nilisoma historia, kwa hiyo nilifanya kile ambacho mtu wa historia hufanya akishindwa kuamua jambo: nilirudi nyuma kuuliza lilianzaje.

*

Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika nchi hii mwaka 1901. Mwaka 1910 ikaja kodi ya kichwa. Kati ya hapo, mwaka 1906, serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Mabwana na Watumishi, ambayo ilifanya kuacha kazi kabla ya muda kuwa kosa la jinai. Ukiziweka hizo tatu pamoja unapata mashine kamili: kodi inamsukuma mtu atafute pesa, pesa ziko kwa mlowezi, na ukishaingia kwa mlowezi huwezi kutoka unavyotaka.

Familia ikidaiwa kodi, watoto nao hutafuta. Katika miaka ya 1920 na 1930 wavulana wengi walikwenda kuchuma chai Kericho, kuchuma kahawa karibu na Nairobi, na baadaye kuchuma pareto. Walowezi hawakuficha sababu. Vidole vya mtoto ni vyepesi, walisema, na mshahara wake ni mdogo. Mtoto alilipwa sehemu tu ya alicholipwa mtu mzima, na kwenye mashamba mengi hata mtu mzima alifanya kazi kwa kadi ya siku 30. Kila ukimaliza kazi ya siku, kadi inatiwa alama, na alama 30 zilipaswa kujaa ndani ya siku 42. Nani alikuwa anaamua kama kazi ya siku imekamilika? Msimamizi. Akisema bado, siku yako imepotea, na kadi haijajaa. Ukiwa mtu mzima unaweza angalau kubishana. Ukiwa na miaka 11, utambishia nani?

Kisha likaja jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Sheria ya kuajiri watumishi iliyopitishwa mwaka 1937 iliweka umri wa chini wa kumwajiri mtoto kuwa miaka 10. Kumi! Arkidikoni Walter Owen wa Kanisa la Anglikana, aliyefanya kazi Nyanza kwa miaka mingi na ambaye walowezi walimchukia sana, aliandika kwenye gazeti la Manchester Guardian kule Uingereza. Wasomaji wa huko wakashtuka, bunge lao likauliza maswali, na mwaka 1938 serikali ya Kenya ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza ajira ya watoto.

Nilipokuwa nikisoma habari hizo niliona jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo. Kelele zote zilihusu umri. Miaka 10 ni midogo mno? Basi tuseme 12? Mtoto aende mbali na nyumbani kiasi gani? Ni maswali mazuri, nani atayakataa. Lakini swali la pesa lilipita kimya kimya. Mtoto ambaye tayari ameajiriwa, na sheria imekubali aajiriwe, alipwe nini? Alipwe na nani, mkononi mwa nani? Asipolipwa afanye nini? Hapo sauti zilikuwa chache sana.

Na hata huo umri wenyewe ulikuwa wa kukisia. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo afisa alimtazama mtoto, akapima kwa macho. Si Kenya peke yake. Uingereza ilipotunga sheria ya viwanda mwaka 1833 na kukataza watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, wakaguzi walikuwa na shida ile ile, na kukawa na watu waliopendekeza watoto wakaguliwe meno, kama mbuzi sokoni.

Mwaka huo huo wa 1938, Marekani walifanya kitu tofauti. Sheria yao ya viwango vya haki vya kazi iliweka mambo mawili kwenye karatasi moja: kima cha chini cha mshahara, senti 25 kwa saa, na mipaka ya kuwaajiri watoto. Nilipoisoma nilifurahi, nikasema hawa angalau waliona kwamba umri na ujira ni ndugu. Kisha nikafika kwenye misamaha. Kilimo kiliachwa nje ya kima cha chini cha mshahara. Mtoto wa kiwandani akalindwa, mtoto wa shambani akabaki na mwenye shamba. Shikilia hapo, kwa sababu shamba litatokea tena.

*

Sasa turudi Meru, maana Meru haikuwa Kericho.

Waingereza waliweka kituo chao Meru mwaka 1908, chini ya E. B. Horne, ambaye wazee wetu walimpa jina la Kangangi. Lakini hapa juu kwenye milima ya Nyambene hakukuwa na walowezi waliogawana ardhi kama kule Nyeri au Nakuru. Katika miaka ya 1930, wakati Waafrika wengi walikatazwa kulima kahawa, Meru ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizoruhusiwa kuijaribu, pamoja na Embu na Kisii. Na miraa ilikuwa yetu tangu kabla ya hayo yote. Kuna miti Igembe ambayo hakuna mtu aliye hai aliyeona ikipandwa. Tunaiita mbaine, na inarithiwa kama jina.

Kwa hiyo sheria ya ajira ya watoto iliandikwa ikimtazama mlowezi. Ilimwona mtoto aliyetoka kwao, akaenda mbali, akamfanyia kazi mtu asiyemjua. Mtoto wa Igembe hakuwa hivyo. Alikuwa anapanda mti wa baba yake, au wa ami yake, au wa jirani anayemwita baba. Kwa macho ya afisa wa Nairobi hiyo haikuwa ajira. Ilikuwa nyumbani.

Na hapo ndipo lugha yetu nzuri ya udugu inaponisumbua, mimi niliyelelewa ndani yake. Kumwita jirani baba ni heshima, na mara nyingi ni ulinzi pia: huyo "baba" atakukemea ukipotea, atakupa chakula ukipita kwake na njaa. Lakini baba halipi mshahara. Baba anakupa kitu. Na kitu unachopewa, unashukuru, huhesabu. Nilipokuwa na miaka 12 niliandika kilo zangu kwa siri, kana kwamba nafanya utovu wa adabu. Yule mzee hakuhitaji kuwa mtu mbaya ili anidhulumu. Alihitaji tu kuitwa baba siku ya malipo.

Miraa yenyewe ilikua kupita familia. Kufikia wakati wangu ilikuwa inaruka kwenda London na Amsterdam, na kila siku Mogadishu. Uholanzi ikaipiga marufuku, kisha Uingereza ikaipiga marufuku Juni 2014. Machi 2020 Somalia ikafunga mlango wake hadi Julai 2022. Wakati huo huo shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa nyumbani miezi hiyo, na niliona watoto juu ya miti kila siku ya wiki, wakichuma kwa finje siku nzima, maana bei ilikuwa imeanguka na wa kwanza kukatwa ni yule asiyeweza kukataa. Ni biashara ya ndege na dola, lakini chini kabisa ya mti bado inaendeshwa kwa "baba atakupa kitu."

*

Kenya huru haikulala. Lazima niseme hivyo kwa haki.

Sheria ya Ajira ya 1976 ilimkataza mtu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 16 katika kazi za viwanda, kwa malipo au bila malipo. Umeona neno? Viwanda. Shamba likabaki nje ya katazo hilo, kama Marekani 1938. Mwaka 1979 tukaridhia Mkataba nambari 138 wa Shirika la Kazi Duniani, tukajitangazia umri wa chini wa kazi kuwa miaka 16. Mwaka 1990 tukaridhia Mkataba wa Haki za Mtoto. Uchunguzi wa serikali wa 1998/99 ulipata watoto milioni 1.9 wa kati ya miaka 5 na 17 wakifanya kazi. Mwaka 2001 tukaridhia ule mkataba mwingine, nambari 182, unaohusu kazi mbaya zaidi kwa watoto.

Mwaka huo huo wa 2001 ikaja Sheria ya Watoto, na ndani yake kuna maneno ambayo niliyasoma mara tatu usiku ule. Ilipoeleza maana ya ajira ya watoto, haikuishia kwa mtoto anayelipwa. Ilisema pia ni ajira ya watoto pale mtoto anapofanya kazi kama msaidizi wa mtu mwingine, na kazi yake ikahesabiwa kuwa ya huyo mwingine wakati wa malipo. Nilikaa kitandani nikamkumbuka rafiki yangu mmoja wa darasani. Alikuwa anachuma na kaka yake mkubwa, kilo zote zinaandikwa kwa jina la kaka. Mwaka mzima hakuwahi kushika hata soo moja ya jasho lake. Mtu fulani Nairobi alikuwa amemwona rafiki yangu, akamwandika kwenye sheria, na hakuna aliyekuja Laare kutuambia.

Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure. Darasa letu likajaa hadi wengine wakakaa chini. Hilo lilitoa watoto wengi mitini kuliko kifungu chochote cha sheria, na ningependa lisisahaulike. Lakini asubuhi kabla ya kengele, na Jumamosi, na likizo, miti ilikuwa pale pale.

Sheria ya watoto ya 2001 imeshapisha ile mpya ya 2022. Kwa upande wa kazi, inayotawala ni Sheria ya Ajira ya 2007. Hii sasa inagusa shamba, na inasema hivi kwa ufupi: mtoto wa chini ya miaka 13 asiajiriwe kabisa. Wa miaka 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala makuzi yake, na isiyomzuia kwenda shule.

Kazi nyepesi. Nilicheka peke yangu gizani. Kijana langoni aliniambia yeye ni mwepesi, na sheria inaniambia kazi iwe nyepesi. Ni maneno yanayofanana, na yanavuta pande mbili tofauti kabisa. Kupanda mti mrefu wenye umande alfajiri si kazi nyepesi kwa mtu yeyote. Inapendeza kumpa mtoto kwa sababu yeye ndiye mwepesi.

Niliendelea kusoma nikitafuta neno moja tu: malipo. Nilichopata kinashangaza kidogo. Sheria hiyo inataka kila mfanyakazi alipwe mshahara wake wote, moja kwa moja, kwa pesa za Kenya. Vizuri. Inataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Vizuri sana. Lakini kwenye orodha yake ya sababu ambazo mwajiri hawezi kuzitumia kubagua, kuna rangi, jinsia, dini, ulemavu na nyinginezo. Umri haumo. Ulikuja kutajwa kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha 27. Katiba hiyo hiyo inasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, na kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya kazi ya hatari au ya unyonyaji.

Kisha ikaja sehemu iliyonifanya niwashe taa. Sheria inayoruhusu kazi nyepesi kwa mtoto wa miaka 13 hadi 16 inakataza kuandikiana naye mkataba, isipokuwa wa kujifunza ufundi. Nadhani nia ni njema: usimfunge mtoto kwa karatasi, kama walowezi walivyofanya. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto huyu ndiye mfanyakazi pekee ambaye makubaliano yake lazima yawe ya mdomo. Siku ya kudai, ushahidi wake ni mdomo wake, mbele ya mtu anayemwita baba.

Na kuna mlango mwingine: sheria haihusu biashara ya familia ambayo wafanyakazi wake wote ni watu wanaomtegemea mwajiri. Mtoto wangu kwenye mti wangu, sheria hii haiko hapo. Mtoto wa jirani akiingia tu, iko. Laare nzima inaishi kwenye mpaka huo, na karibu hakuna anayejua kwamba mpaka upo.

Faini ziko. Anayemtumia mtoto katika kazi mbaya zaidi anaweza kutozwa hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miezi 12. Mtoto akiumia au akifa kwa sababu mwajiri amevunja sheria, faini inaweza kufika 500,000, na yote au sehemu yake inaweza kupewa mtoto au familia yake. Soma tena taratibu. Mtoto akianguka kutoka kwenye mti, sheria imefikiria pesa za kumpa. Akiteremka salama na kilo zake nne, hakuna kifungu kinachoniambia mahususi kwamba hizo nne ni zake.

*

Najua kuna mtu anasoma hapa amekasirika. Anasema: ukianza kuweka bei ya kazi ya mtoto, umeihalalisha. Mtoto awe shuleni, basi. Walimu wangu wawili wangesema hivyo, na ninawaheshimu.

Bolivia waliipitia hoja hii kwa njia ngumu. Mwaka 2014, baada ya watoto wanaofanya kazi kuandamana wenyewe barabarani, nchi hiyo ilipitisha sheria iliyoruhusu, kwa masharti, watoto wa kuanzia miaka 10 kujifanyia kazi na wa kuanzia 12 kuajiriwa, na wanaoajiriwa walindwe kwa mshahara kama watu wazima. Dunia ikapiga kelele. Mahakama ya katiba ya huko ikaviondoa vifungu hivyo, na mwaka 2018 sheria ikarudishwa kwenye miaka 14. Mimi naona waliopinga walikuwa sahihi kuhusu umri. Mtoto wa miaka 10 hana biashara ya kuajiriwa. Lakini wale watoto waliandamana wakiwa na hoja ambayo haikufutwa na mahakama: kazi yetu ikiharamishwa, anayepata nafuu ni mwajiri, kwa sababu sasa hatuwezi kumdai bila kujishtaki.

Ndivyo ilivyo Laare. Mtoto wa miaka 11 aliyechuma hawezi kwenda kwa afisa wa leba kusema nadai shilingi 340, maana swali la kwanza ni: ulikuwa unafanya nini kule juu? Mama yake anaogopa ataulizwa kwa nini mtoto hakuwa shule. Mwenye shamba anajua hayo yote. Haramu inayopaswa kumkaba yeye inamkaba mtoto.

Kwangu mimi hesabu ni rahisi kuliko inavyofanywa. Kumkataza mtu kumwajiri mtoto ni jambo moja. Kumlipa mtoto ambaye tayari amefanya kazi ni jambo lingine, na la pili halisubiri la kwanza. Aliyemtumia mtoto kinyume cha sheria anapaswa kuadhibiwa, na bado amlipe, malipo ya mtu mzima, mkononi mwa mtoto huku mzazi akijua. Kama mtoto angekuwa anagharimu sawa na mkubwa, wangapi wangemfuata langoni kwa shule? Nusu ya bei ndiyo inayomtoa darasani. Watu wa 1938 waliogombania umri bila kugusa ujira waliacha sababu yenyewe ya kumtafuta mtoto ikiwa nzima.

*

Kijana alirudi asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro.

Nilimwambia mti hatapanda. Akanuna, akadhani namfukuza. Nikamwambia kuna kazi ya chini, kuchambua na kufunga surba pamoja na akina mama, Jumamosi tu na likizo, saa tatu kwa siku, na atalipwa kama wao. Kwanza nikaenda naye hadi kwao nikamwambia mama yake. Mama akaniuliza, "Kama wao kabisa?" Nikasema kama wao kabisa. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego.

Sheria haitaki mkataba wa maandishi naye, lakini inataka mwajiri awe na rejista ya watoto aliowaajiri: umri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Kwa hiyo nilinunua daftari la Hesabu, lile la miraba, shilingi 50 dukani. Pembeni mwa tarehe nikaongeza safu ya idadi ya surba na ya pesa alizopokea. Kila jioni alihesabu mwenyewe, akaandika mwenyewe, mimi nikatia sahihi. Siku ya pili alinisahihisha: nilikuwa nimemwibia surba mbili bila kujua. Alinisahihisha bila kuomba radhi, na nilipenda hivyo.

Majirani hawakupenda. Mmoja alikuja jioni, tukanywa chai, akasema kwa upole kwamba vijana wa Nairobi tunaharibu bei. Watoto wa kwake wameanza kuuliza. Nikamuuliza wanauliza nini. Akasema, "Wanauliza eti mbona wao ni nusu." Nilimwambia ukweli, kwamba mimi pia nilikuwa nusu, na sijawahi kujua ile nusu nyingine ilikwenda wapi. Alijua namzungumzia nani. Laare ni ndogo. Alimaliza chai yake, akaaga vizuri.

Yule mzee bado yu hai. Tulikutana kwenye matanga ya baba. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia baba yangu alikuwa mtu mwema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Sikumdai. Sheria ya leo inatoa miaka mitatu ya kudai mshahara, na yangu imepita ishirini. Na hata kama ingekuwa bado, sijui kama ningeweza kufungua mdomo. Lile neno la mama bado limo ndani yangu.

Ila yule kijana, likizo ilipoisha, aliomba kitu kimoja. Aliomba daftari. Nilitoa nakala kwa simu nikampa lenyewe. Alilikunja akalitia ndani ya sweta, upande wa kifua, mahali tulipokuwa tukitia miraa tukiwa juu ya mti ili mikono ibaki huru.